Parafujo ya Mjomba

Julai iliyopita, siku ya tatu tangu nifike nyumbani Kigoma kwa ajili ya PT, mashine ya mama ya kukamulia mawese iligoma. Siyo injini. Injini ya dizeli ilikuwa inanguruma vizuri tu. Kilichokufa ni ile parafujo nene ya ndani, inayosukuma chikichi zilizochemshwa na kuzibana mpaka mafuta yatoke. Meno yake yalikuwa yamelika, yamebaki membamba kama kisu kilichonolewa miaka kumi. Ukitia debe la chikichi, mafuta yanatoka kidogo na makapi yanatoka yameloa. Maana yake mali ya watu inaenda kutupwa.

Mama anakamua Simbo, nje kidogo ya mji, kwa wakulima wanaomletea chikichi zao. Ada yangu ya mwaka wa kwanza, kabla bumu halijakaa sawa, ilitoka kwenye mashine ile. Kwa hiyo nilipoiona imesimama niliona na semista yangu imesimama pembeni yake.

Parafujo mpya ya dukani bei yake haikushikika. Fundi wa mjini alikuwa ameshaijazia meno kwa kuchomelea mara mbili, na kila mara inadumu msimu mmoja, halafu tunarudi palepale. Mama akanitazama akasema, "Wewe si ndiyo unasomea mashine? Haya, nenda kwa mjomba wako Ujiji, mkae wawili mnipe jibu."

Mjomba amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika karakana moja ya kijeshi, ambayo sitaitaja. Alipostaafu alirudi Ujiji, akafunga turubai chini ya mwembe, akaweka jiwe la kunolea, mashine kuukuu ya kukereza na tanuru la matofali. Wakamuaji wa mawese wote upande ule wanajua jambo moja: parafujo ya mjomba inakaa misimu mitatu. Ya fundi mwingine yeyote inakaa mmoja. Na wanajua jambo la pili pia, kwamba ukimuuliza anafanyaje, anacheka na kusema, "Ya kambini yanabaki kambini."

Nilimkuta anakunywa kahawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Chuo hakijambo?" Kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyohivyo, mjomba kwa mjomba, kwa hiyo msichanganyikiwe.

Nikamweleza shida. Akakubali kazi kwa neno moja. Ila safari hii kulikuwa na kitu kimebadilika ambacho mama hakuwa amenieleza: macho ya mjomba yameanza kuingia ukungu. Miaka yote ya kuchomelea na kuchungulia moto imemdai. Vijana wake wawili anawatuma kubeba na kukata, lakini mambo ya moto hakuwahi kumruhusu mtu. Sasa moto unamhitaji mtu mwenye macho.

Kwanza alinipeleka kwenye rundo la vyuma chakavu. Akawa anashika kipande kimoja kimoja na kukigusisha kwenye jiwe linalozunguka. "Cheche zikoje?" Nikasema zinatoka ndefu, zimenyooka. "Hazina matawi?" Hazina. "Basi hicho ni chuma laini, kinafaa. Kikitoa cheche fupi zenye matawi mengi kama maua, hicho kaboni ipo tayari, kina njia yake nyingine." Mihula minne nimekaa darasani nikichora grafu za chuma na kaboni. Hakuna siku niliyoambiwa kwamba kaboni unaweza kuiona ikiruka mbele ya macho yako.

Akakereza parafujo kwa siku mbili, zaidi kwa vidole kuliko kwa macho. Kisha akatoa sanduku la bati nene. Akalitia mkaa uliopondwa, akachanganya na unga fulani mweupe aliouchota kutoka kwenye mfuko aliokuwa ameufunga vizuri, akailaza parafujo katikati, akafunika, akaziba mianya kwa udongo wa mfinyanzi. Sanduku likaingia tanuruni jioni, na feni ikapuliza moto usiku kucha.

Nikamuuliza ule unga ni nini. Akanyamaza. Nikanusa kidole changu. Yalikuwa magadi. Haya haya ambayo mama zetu wanatia kwenye maharage.

Nilikimbilia begi langu. Nilikuwa nimebeba desa la somo la vifaa la mwaka wa pili, lile ambalo nusu ya darasa tulilisoma usiku wa kuamkia mtihani. Ukurasa upo: chuma chenye kaboni kidogo kinafungiwa ndani ya mkaa, kinachochewa na kabonati ya sodiamu, kinawekwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 kwa saa nyingi, na kaboni inaingia kwenye ngozi ya chuma kama milimita moja hivi. Juu kinakuwa kigumu, ndani kinabaki na ulaini wa kuhimili mkiki. Kabonati ya sodiamu ndiyo iliyomo kwenye magadi. Nikamsomea mjomba ukurasa wote.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Hiyo imeandikwa kitabuni? Kila mtu anasoma?"

"Kila mtu, mjomba. Dunia nzima."

"Basi mimi nimekaa na magadi moyoni miaka yote hii."

Tulicheka, lakini kile kicheko hakikunikaa vizuri, na ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Mjomba hakuwa mchoyo. Alipokuwa kazini aliambiwa mambo ya kazini ni siri, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo, si mchezo. Ila hakuna siku aliyokaa na mtu akamwambia: hili ni siri ya ulinzi, usilitoe, na hili ni ufundi wa kawaida, kawafundishe vijana. Kwa kuwa mstari haukuchorwa, yeye mwenyewe akauchora mahali salama zaidi kwake, akafunga yote. Ndivyo ambavyo askari mwaminifu yeyote angefanya.

Wapo watakaosema, sasa tatizo liko wapi, si kitabu kipo? Jamani, kitabu hakijui cheche za chuma chakavu cha Ujiji. Hakijui kipimo cha magadi haya kwa mkaa huu, wala udongo gani haupasuki tanuruni. Mjomba anajua kwa sababu aliwekwa mahali penye vifaa, kwa fedha za umma, akaruhusiwa kukosea mara nyingi mpaka akapatia. Fundi wa mtaani hana nafasi ya kukosea. Akiharibu parafujo moja ya mteja, wiki hiyo watoto hawali. Ndiyo maana utafiti wa majeshi duniani kote huwa na vitu ambavyo viwanda vya raia vinavitamani: jeshi lina uvumilivu wa kulipia makosa.

Sisi wa Kigoma tunapaswa kuelewa hili mapema kuliko wengine, maana tumekua tukiliona likielea ziwani. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Ilikusudiwa kubeba abiria na mizigo, lakini vita ilipowaka ikafungwa mizinga. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliokuja nayo kutoka kwenye karakana ilikojengwa waliipaka mitambo yake grisi nzito, ili siku moja iweze kuamka. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari za kiraia kwa jina la Liemba. Tangu hapo imebeba dagaa, mananasi, maharusi na misiba kwa miaka mingi. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Wale mafundi waliipaka grisi kwa ajili ya taifa lao, lakini walioishi kwa matunda ya grisi ile ni bibi zetu.

Hata hivyo siwezi kuiita Liemba mfano mzuri wa jeshi kugawana ujuzi na raia. Ile ilikuwa bahati ya vita. Nchi haiwezi kujengwa kwa kusubiri mtu azamishe kitu ili sisi tukiinue.

Wengine waliamua kutoitegemea bahati. Chukua ramani iliyo kwenye simu yako. Mitambo ya setilaiti ya GPS ni ya jeshi la Marekani. Mwaka 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipopotea njia na kutunguliwa na Wasovieti, Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo ule ukikamilika raia wa dunia watautumia bure. Lakini jeshi liliendelea kuichafua kwa makusudi ishara ya raia, ikawa inaweza kukosea hata mita 100. Mwezi Mei 2000 Rais Clinton akaamuru uchafuzi huo uzimwe. Tazama walivyofanya: hawakutoa kila kitu, na hawakufunga kila kitu. Ishara za kijeshi zilibaki za kijeshi. Waliketi, wakachora mstari, na mstari huo wakausogeza wakati ulipofika. Leo mvuvi wa Kibirizi anaweza kuweka alama kwenye simu mahali alipotega nyavu usiku, akarudi palepale.

Na walitunga sheria. Sheria yao ya mwaka 1980 iliziagiza maabara za serikali, za kijeshi zikiwemo, zihesabu kupeleka teknolojia nje kuwa sehemu ya kazi yao. Marekebisho ya 1986 yakaziruhusu maabara hizo kuingia mikataba ya utafiti na kampuni binafsi, na yakasema mtafiti aliyevumbua apate angalau asilimia 15 ya mrabaha unaolipwa. Nilipomwambia mjomba habari ya asilimia 15 aliniuliza kama inalipwa kurudi nyuma.

Sisi je? Tusijidharau, milango tunayo. Shirika la Mzinga lipo Morogoro tangu 1974. Kibaha kuna Kituo cha Teknolojia ya Magari, ambacho wote tunakiita Nyumbu, kilichoundwa 1985 chini ya wizara ya ulinzi kwa ajili ya utafiti wa magari na mitambo. Upande wa kiraia tuna SIDO tangu 1973, ambayo kazi yake hasa ni kuwahudumia wenye viwanda vidogo kama mama. Kwa hiyo wanaojua wapo na wanaohitaji wapo. Ninachokitafuta ni njia ya katikati, ile ambayo fundi wa Ujiji anaweza kuipita bila kumjua mtu.

Halafu nikagundua kwamba njia ya namna hiyo tumeshawahi kuipita, tena humu humu mkoani. Baadhi yenu mnaosoma hapa mnaijua kambi ya JKT Bulombora kwa kwata na jua la mchana. Mnakumbuka pia michikichi. Serikali ilipoanzisha kampeni ya kufufua zao hilo Kigoma mwaka 2018, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu bora ya Tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi ya mafuta kuliko Dura ya zamani. Na JKT pamoja na Gereza la Kwitanga wakaingizwa kwenye kazi hiyo. Kambi zina ardhi, zina nguvu kazi, zina nidhamu. Halmashauri zikawa daraja la kuifikisha miche kwa wakulima.

Angalia mnyororo ule: mtafiti anajulikana, anayezidisha anajulikana, anayesambaza anajulikana, na anayepokea ana shamba tayari. Hakuna mkulima aliyehitaji kupenya uzio wa kambi. Mche ulitolewa nje kwa mpango. Mimi nauliza swali dogo tu la mwanafunzi: kama mche wa mchikichi unaweza kutoka kambini, kwa nini parafujo ya kukamulia chikichi hiyo hiyo isitoke? Tukipanda Tenera na kuikamua kwa mashine ya meno butu, mafuta tuliyohangaikia shambani tunayaacha kwenye makapi.

Nimelizungumza hili hosteli na nimepingwa, na wapinzani wangu wana hoja. Wa kwanza, dada wa mwaka wa nne anayesoma sheria, aliniambia, "Ukimfungulia raia karakana ya jeshi, utajuaje atatoka na nini?" Ni kweli. Ndiyo maana sisemi wafungue geti. Nasema wachore mstari. Mtu mmoja mwenye mamlaka akae na orodha ya ufundi, aseme hii ya risasi hapana, hii ya kugeuza chuma laini kuwa kigumu ndiyo. Siri ikiwa chache inalindika vizuri. Ukiyaita yote siri, askari mstaafu anaishia kulinda magadi.

Wa pili alisema, "Ikitoka itachukuliwa na tajiri mmoja." Hili linaniogopesha zaidi. Ujuzi uliolipiwa na kodi ya muuza dagaa wa Katonga ukipewa kampuni moja kwa mkataba wa chumbani, kampuni hiyo ikaandikisha hataza na kuanza kumtoza mjomba, tutakuwa tumeibiwa kwa muhuri. Kwa hiyo masharti yawe wazi: vitu vikubwa vinavyohitaji mtaji, kampuni zishindane hadharani na zilipe mrabaha, vitu vidogo vya fundi wa chini ya mwembe, viandikwe kwa Kiswahili na vitolewe bure kupitia ofisi za SIDO za mikoa. Na aliyevumbua ajulikane kwa jina, apate chake.

Wa tatu hakuwa na hoja. Alisema tu, "Kaka, sisi tufanye nini, si tusome tumalize?" Huyo ndiye ninayemwandikia.

Jioni ya mwisho ya kazi ile, mjomba alinisimamisha mbele ya tanuru jua linazama upande wa Kongo. Alisubiri giza kwa makusudi, maana mchana rangi ya moto inadanganya. Parafujo ilikuwa ndani, na yeye amekaa kwenye kigoda, macho ameyafumba kabisa.

"Rangi gani?"

"Nyekundu ya giza."

"Bado. Feni iongeze kidogo. Sasa?"

"Imekuwa nyekundu zaidi."

"Mjomba, unaijua chikichi iliyoiva vizuri, ile inayoanguka yenyewe? Ikifika rangi hiyo niambie, usichelewe, usiwahi."

Hapo nilielewa kwamba hana tena namna ya kuficha. Ili nimsaidie kuona, ilibidi aniambie anachosubiri. Nikasema, "Hiyo hapo." Akanyanyuka, kijana akaishika kwa koleo, ikazama kwenye pipa la oili chafu, moshi ukatufunika wote. Baadaye tuliisugua ikang'aa, tukaipasha tena polepole mpaka ikapata rangi ya majani makavu, ili isije kukatika kwa ugumu. Usiku ule niliandika kila kitu kwenye daftari: cheche, kipimo cha magadi kwa vikombe, saa, rangi. Kitabuni rangi zimeandikwa kwa nyuzi joto. Kwenye daftari langu zimeandikwa kwa chikichi na majani.

Kabla sijalifunga, mjomba alinishika mkono. "Hilo daftari usilipeleke popote kwanza. Tuandike barua, tuulize. Nataka niambiwe kwa maandishi kwamba haya ni yangu kuyasema."

Tuliiandika wiki hiyo, yeye akitamka na mimi nikiandika, kwa heshima zote. Kwa hiyo hapa nimewaeleza tu yale ambayo desa letu linayo tayari, na mengine yeyote anaweza kuyaona akisimama karibu na moto. Vipimo vya vikombe vimebaki daftarini mpaka jibu lije.

Lakini wanachuo wenzangu mnaokwenda PT mwaka huu, kila mji una mjomba wa namna hii. Amestaafu kutoka karakana fulani, reli, bandari, kambi, na macho yake hayarudi nyuma. Mfuate, msalimie, mshikie koleo. Muulize kipi ni siri na kipi amekaa nacho tu kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kama hajui, mwandikieni barua pamoja. Ripoti ya PT inaweza kubeba kitu zaidi ya zile kurasa za utangulizi tunazonakiliana.

Mama anakamua. Alinipigia simu juzi, nyuma yake injini inapiga kelele, akaniambia makapi yanatoka makavu mpaka anayawashia moto. Jirani yake ameshaiona parafujo na anataka ya kwake.

"Nimwambie mjomba wako atengeneze nyingine?"

Nikamwambia amuulize kwanza kama barua imejibiwa. Akasema, "Barua gani tena? Mwambie aje na macho yako."